Subiri Upande wa Pili: Mwongozo kwa Shabiki wa Bendi Atokaye Nkende

Mwongozo huu ni wa mtu wa Nkende, au wa popote kati ya Sirare na Mugumu, mwenye bendi moja aipendayo kuliko zote, lakini mpaka leo ameisikia kwa redio, kwa kanda ya mjomba, au kwa memori kadi iliyozunguka kijiji kizima kabla ya kumfikia. Sasa bendi yenyewe inakuja. Bango limebandikwa stendi ya Tarime, gari la matangazo limepita, na jirani ambaye hajui hata jina la mwimbaji ameanza kupiga pasi shati. Huna muda wa kupoteza. Soma, kisha tekeleza.

Kabla ya yote, uliza kama wanakuja na vyombo. Saa ya kuanza na kiingilio vitajulikana tu. Mwendee aliyekodi ukumbi, msalimu kwa heshima anayostahili, kaa kidogo, ndipo umuulize: "Mzee, wanapiga laivu au wanakuja na fleshi?" Siku hizi wapo waimbaji wanaosafiri na fleshi moja mfukoni, wakapanda jukwaani na kuimba juu ya sauti zao wenyewe zilizorekodiwa. Anayefurahia hivyo na afurahie, ila mwongozo huu haumhusu. Hapa tunazungumzia gita la solo, gita la rithimu, gita la besi, drams, na watu wazima wanaotoka jasho. Mzee akijibu, "Vyombo vyote," anza kuweka akiba siku hiyohiyo. Akijibu, "Nyie njooni tu, mtafurahi," rudi nyumbani ukalale.

Baada ya hapo ifahamu bendi yako, na masomo yaanzie Shirati hata kama unaowasubiri wanatoka Dar es Salaam. Mtu wa Tarime hana sababu ya kuanzia Kinshasa na kufika nyumbani mwishoni. Daniel Owino Misiani, mwimbaji wa benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, alizaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, jirani na Shirati, upande wetu wa mpaka, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndani ya wilaya ya Tarime mpaka Rorya ilipomegwa ikawa wilaya mwaka 2007. Studio na kampuni za santuri zilikuwa Kenya, akavuka kuzifuata. Lakini bendi aliipa jina la nyumbani: Shirati Jazz. Kwa jina hilo kijiji cha kando ya Ziwa Victoria kilitajwa na watu wengi ambao hawangeweza kukionyesha kwenye ramani. Mwaka 1987 kampuni ya World Circuit ya London ilitoa sahani ya bendi hiyo iitwayo *Benga Beat*. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwatoa wazee wa Cuba wa Buena Vista Social Club miaka kumi baadaye. Wazee wa benga walitangulia.

Misiani aliimba mambo ya kale, akaimba mapenzi, akaimba mafumbo ya wanyama ambayo wakubwa waliyasikiliza wakajiona wamo ndani, naye akaonja mahabusu zaidi ya mara moja kwa ajili hiyo. Alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani huko Kisumu. Hutamwona. Huo ni msiba ambao mwongozo huu hauwezi kuuondoa, na ndiyo maana nakuhimiza uende kuwaona walio hai. Wapiga gita hawatungoji mpaka tuuze ng'ombe.

Sasa jambo lililonifanya nikae chini niandike. Wimbo unaoujua kwa redio, huujui wote.

Santuri ndogo za zamani, zile za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ulibeba dakika nne au tano hivi. Bendi za benga na za dansi zilikuwa zikipiga nyimbo ndefu kuliko hapo, hivyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Kwa kawaida upande wa kwanza ulibeba hadithi, yaani salamu, beti, nani kamkosea nani, nani kaenda na mke wa nani. Katika upande wa pili waimbaji wananyamaza na magitaa yanaachiwa. Mtangazaji wa redio mwenye haraka alipiga upande wa kwanza, akasoma matangazo ya vifo, akaenda kwenye taarifa ya habari. Wengi wetu tulilelewa hivyo. Tunajua hadithi za nyimbo zetu kwa kichwa, na hatujui zinaishia wapi.

Ukumbini hakuna upande wa kwanza wala wa pili. Hakuna wa kugeuza sahani. Waimbaji wakimaliza kusimulia wanarudi nyuma hatua mbili, mpiga solo anasogea mbele, na wimbo ndio kwanza unaanza. Kwa hiyo shika sheria hii hata ukisahau nyingine zote: usiondoke ulipo wakati waimbaji wamenyamaza. Soda inunuliwe beti ya kwanza. Haja ndogo iende beti ya pili. Simu ya shemeji ipokelewe kwenye salamu za mwanzo, na iwe fupi. Nimeshuhudia mtu mzima, aliyelipa kiingilio kamili, akitoka nje kuvuta sigara mara tu mwimbaji aliposhusha kipaza sauti, kwa kudhani wimbo umekwisha. Alirudi wakati watu wanapiga makofi, akauliza tunapiga makofi ya nini. Nilimhurumia kwa dhati.

Sheria hii haibadiliki hata bendi ikiwa ya dansi. Msondo Ngoma, waliozaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park, wana Sikinde wa tangu 1978, hujenga wimbo hivyohivyo: kwanza kisa, taratibu, kwa sauti za kupanga, kisha sebene. Rekodi zao nyingi tulizozizoea zilifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, na ni nzuri mno. Lakini studioni sebene lina mwisho kwa sababu fundi mitambo anaangalia saa. Ukumbini linamalizwa na wachezaji. Watu wakiendelea kucheza, mpiga solo anaendelea kutafuta. Wakipoa, anafunga. Ukipoa wewe, umemfungia mwenzako.

Pengine utaniambia: mimi ni Mkurya, bendi inaimba Kijaluo, nitaelewa nini? Utaelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu umelelewa na litungu. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane. Na benga, kwa maelezo ya wanaoipiga, ni nyatiti iliyohamishiwa kwenye gita: nyuzi zinadonolewa mojamoja badala ya kupapaswa zote kwa pamoja, mwimbaji anasema mstari na gita linaurudia nyuma yake, na chini kabisa kuna mngurumo usiokoma. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kidoleni mguuni na kugonga nayo ubao wa chombo chake. Sikiliza teke la drams katika benga na utaisikia pete hiyo. Kama uliwahi kukaa karibu na mzee anayepiga litungu harusini, ukasikia nyuzi nene zikikutetemesha tumboni kabla hujajua anamsifu nani, basi besi ya benga haitakuwa mgeni kwako. Anza kuusikiliza wimbo kutoka chini. Tafuta besi kwanza. Ukishaishika, panda kwenye rithimu, kisha solo, maneno yaje mwisho. Na maneno yakikushinda, muulize aliye karibu nawe. Katika miaka yote ya kusimama kwenye kumbi za mkoa huu sijamwona Mjaluo aliyekataa kueleza wimbo wa benga. Shida ni kumfanya anyamaze baada ya hapo.

Kwa sababu hiyo, mahali pa kusimama ni jambo kubwa. Walio wengi hujazana mbele ya spika, wakitoka hapo wanasikia mluzi masikioni mpaka keshokutwa na hawawezi kukuambia mpiga rithimu alikuwa mrefu au mfupi. Wewe fika mapema, wakati vyombo vinapimwa. Huo ni muda mtamu na hautozwi chochote. Mpiga drams anagonga teke peke yake, fundi anazungusha vitufe, mpiga solo anagusagusa vipande vya nyimbo bila kuvimaliza. Angalia mpiga besi amesimama upande gani. Kisha chagua mahali panapokuwezesha kuona vidole vya solo na vya rithimu kwa pamoja, hatua kumi au kumi na tano kutoka jukwaani. Magitaa hayo mawili yanajibizana. Moja likiuliza, la pili linaingia kwenye nafasi iliyoachwa. Kwa redio utadhani ni gita moja lenye vidole ishirini. Kwa macho utaona ni watu wawili, na mara nyingine utawaona wakitazamana na kucheka kwa sababu mmoja amemchokoza mwenzake kwa kipande kipya. Kicheko hicho hakijawahi kurekodiwa. Mimi hulipa kiingilio kwa ajili yake.

Mavazi: koti. Tarime iko juu, usiku una baridi, na ukumbi wa wazi haukuhurumii. Utaingia unatetemeka, katikati ya usiku utakuwa umelivua na kulifunga kiunoni, na ukitoka alfajiri ukiwa umelowa jasho ndipo utalihitaji kweli. Viatu viwe vya kufungwa. Kama ni msimu wa mvua, vaa vile usivyovionea uchungu, maana uwanja wenye tope ukichezewa na mamia ya watu hurudisha tope hilo mpaka magotini.

Kula kabla ya kwenda, na ule ugali. Chipsi za mlangoni zitakufikisha saa sita ya usiku, na bendi inayojiheshimu saa sita ndiyo inakunjua mikono. Hao wanaopiga nyimbo tatu za kwanza ni vijana wa bendi wanaopasha joto vyombo. Wakubwa wako nyuma ya gari wanakunywa chai. Usiwatukane vijana. Wapigie makofi, maana mmoja wao ndiye utakayemlilia mwakani.

Sasa fedha, na hapa nataka twende polepole, kwa kuwa ndipo watu wema wanapoharibikiwa. Siku moja kabla, nenda dukani ukavunje noti. Msimbazi mmoja mwekundu mfukoni ni mzigo: ukimtuza mwimbaji kwa huo, umemaliza bajeti kwenye wimbo wa pili, ukiuzuia, utasimama usiku kucha mikono mitupu huku kipande kinachostahili upande jukwaani kikipita. Beba noti za elfu moja moja, mpya kiasi, zilizonyooka. Zigawe mifuko miwili. Mfuko wa kushoto ni wa nauli, na huo hata ukiimbiwa jina la marehemu bibi yako usiuguse.

Kutuza kuna adabu yake. Panda kwa kucheza, usipande kama mtoza ushuru. Usimbandike mpiga solo noti usoni akiwa katikati ya kipande. Hana mkono wa tatu. Mwekee mfukoni mwa shati, au idondoshe miguuni pake kwa namna anayoiona, kisha ushuke ukicheza. Na tafadhali, mkumbuke mpiga besi. Mwimbaji anatuzwa kwa sababu ametaja majina, mpiga solo kwa sababu ameonekana, na yule anayekutetemesha tumbo tangu saa tatu ya usiku anarudi hotelini na shilingi sifuri. Mtu wa Nkende akijulikana kote Mara kuwa ndiye anayetuza besi, hiyo ni sifa nzuri kuwa nayo.

Ukibahatika kuwa kwenye onyesho la Wajaluo, utakutana na pakruok, na lazima uende ukiwa umejiandaa. Katikati ya wimbo mtu ananyoosha mkono, magitaa yanashuka, naye anasogea, anatoa chochote kitu na kujinadi mbele ya ukumbi wote: yeye ni nani, mtoto wa nani, anatoka wapi, ana sifa gani, rafiki yake ni nani. Akimaliza, muziki unapanda tena, na mara nyingi mwimbaji analidaka jina lake analiingiza ndani ya wimbo. Ndivyo benga ilivyojaa majina ya watu. Kumbe wengi wa hao tunaowasikia wakisifiwa kwenye santuri za zamani walikuwa mashabiki waliosimama ukumbini wakanyoosha mkono. Nadhani hakuna muziki mwingine Afrika Mashariki uliompa msikilizaji nafasi ya namna hiyo, na ni huzuni kuona mtu anaipata kisha anaitumia kusema, "Ee... nawasalimu wote wanaonifahamu."

Andaa maneno yako nyumbani. Yawe mafupi, mistari minne au mitano. Taja mama yako kabla ya kujitaja mwenyewe. Ukumbi utakupenda papo hapo. Usijisifie ng'ombe usio nao, kwa sababu hakika kuna mtu kutoka kitongoji chako amekaa pale nyuma na anajua zizi lako. Jisifie jambo unaloweza kulithibitisha: kwamba hulali mvua ikinyesha kabla ya kupanda mahindi, kwamba kahawa yako haijawahi kurudishwa, kwamba ulivuka kutoka kwenye milima ya Tarime usiku kwa ajili ya gita hili. Kama Kijaluo hukijui, sema Kiswahili, na upachike maneno mawili ya Kikurya mwishoni. Nimeona ukumbi ukisimama kwa mama mmoja aliyefanya hivyo. Aliposhuka, wanaume waliokuwa wakimwita "bibi" walianza kumwita "mama yetu".

Kuhusu simu nitasema machache. Rekodi wimbo mmoja, wa kumtumia ndugu yako aliye Mwanza, halafu iweke mfukoni. Aliye nyuma yako alilipa kuona vidole vya mpiga solo, hakulipa kuona kioo chako.

Kuhusu kucheza pia. Omba mara moja, kwa maneno. Dada aliyekuja kusikiliza muziki amekuja kusikiliza muziki, na akisema hapana, hiyo ni sentensi kamili. Akina dada, njooni watatu au wanne na mpange mapema mtarudi na nani. Muziki huu ni wenu pia, na kumbi zetu zimewachosha kwa sababu zisizo na uhusiano wowote na magitaa. Mkiona kijana anamsumbua mwenzenu, mwiteni mzee yeyote aliye karibu. Neno moja tu, "Mura, keti," likitoka kwa mzee anayeheshimiwa, linafanya kazi ambayo walinzi wanne wa mlangoni hawaiwezi.

Umeme ukikatika, usiondoke. Watu wengi hukimbilia mlangoni wakidai fedha zao, na fundi jenereta anakimbilia kidumu cha mafuta. Katikati ya vurugu hiyo mpiga drams kwa kawaida anaendelea, kwa kuwa chombo chake hakihitaji waya. Mwimbaji anapaza sauti bila kipaza, na aliye hatua kumi kutoka jukwaani anasikia sauti yenyewe ilivyo, na mikwaruzo yake na pumzi zake. Anzisheni kiitikio. Ikiwa mnaujua wimbo, mnaweza kuubeba mpaka taa zirudi, na bendi iliyobebwa na ukumbi kwenye giza hupiga saa mbili za ziada bila kuombwa.

Bendi ikiwa ng'ambo, Isebania au Migori, vuka mchana. Pita kituo cha mpaka cha Sirare kwa utaratibu, na vitambulisho vyako mkononi, badilisha shilingi kabla giza halijaingia, na fahamu utalala wapi. Njia za panya usiku kwa ajili ya dansi hazifai. Mpiga gita mwenyewe alipita getini.

Mwishowe bendi itafunga, mara nyingi alfajiri, na wimbo ambao haukuwa kwenye sahani yoyote. Usikimbilie bodaboda. Subiri watu wapungue, wapiga gita waanze kukunja waya. Hapo ndipo shabiki anapopata dakika yake. Msogelee, mpe mkono, usimwombe picha kwanza. Mwambie kipande gani kilikugusa na katika wimbo upi, kwa undani kadiri unavyoweza: "Kaka, ule mwisho wa wimbo wa nne, ulipomrudishia rithimu sauti ya chini." Ataacha kukunja waya. Watu humwambia kila usiku kwamba amepiga vizuri. Ni wachache wanaomwambia wapi. Muulize kama wana nyimbo zao za kuuza, na ununue mkononi mwake, hata kama unazo zote kwenye memori kadi, maana kwenye memori kadi hakuna aliyemlipa. Kisha muulize watarudi lini upande huu. Akikuuliza unatoka wapi, mwambie Nkende, mtajie uwanja utakaofaa, na umwachie namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati ya harusi iliyo karibu.